Homa ya Jumatatu

Antsirabe, Jumapili, 12 Oktoba 1997

Shikamoo Mjomba Ratovo,

Nimefika salama. Kitanda changu bwenini ni kilekile cha karibu na dirisha, kwa hiyo na baridi ni ileile. Masista wamenipa tena kazi ya kupanga vitabu vya maktaba siku za likizo, ndiyo malipo ya kulala hapa, kwa hiyo Krismasi na Pasaka hamtaniona huko Ambatolampy. Mwambie Fara asinune. Mwambie na mama yake kwamba ukoko wa wali alionifungia niliumaliza kabla treni haijafika nusu ya njia. Mzee Dalo wa karakana naye mfikishie salamu zangu, aache kuniita Bibi Kitabu mbele za watu.

Mjomba, kuna jambo nilipaswa kukuuliza nikiwa hapo mbele yako, lakini unanijua. Maneno yangu huja nikishashika kalamu.

Ni ile Jumatatu ya mwezi uliopita, baada ya sherehe ya kuwafukua wazee wetu marehemu na kuwavika sanda mpya. Karakana ilifungwa siku nne. Siku ya tano ukarudi kwenye tanuri kuyeyusha alumini na kusubu sufuria, na jioni yake ukawa unatetemeka chini ya mablanketi matatu, ukisema mdomo una ladha tamu kama umelamba sarafu. Asubuhi uliamka ukaenda kazini kana kwamba hakuna kilichotokea. Mama Fara alisema ni malaria. Malaria gani inayokaa usiku mmoja? Na kile kikohozi cha alfajiri, kinachokufanya ushike ukuta, ni cha nini?

Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe cha maji. Hukuniona, nami sikusema kitu. Sasa nasema.

Mpwa wako,
Haingo


Ambatolampy, 2 Novemba 1997

Mpwa wangu Haingo,

Marahaba, tena marahaba ya pili uiweke akiba.

Barua yako imechelewa kwa sababu karani wa posta alimpa Ratovo mwingine, muuza bata. Muuza bata akaifungua, akaisoma yote, kisha akaniletea mwenyewe na kuniuliza malaria inaendeleaje. Sasa soko zima linanipa pole. Siku nyingine andika jina langu kamili, au andika mambo yasiyo na aibu.

Huku wazima. Fara ameng'oka jino la mbele, anapiga mluzi bila kutaka. Vitalu vya mpunga vimeota vizuri.

Haya, hilo swali lako. Si malaria. Ni homa ya mapumziko, na kila fundi wa sufuria hapa anaijua. Ukikaa mbali na tanuri siku mbili tatu, siku ya kurudi inakupiga. Usipopumzika haikupati. Nilipomsimulia Dalo alinicheka mpaka akakaa chini.

"Wewe Ratovo, ulipumzika?"

"Siku nne, mzee. Ilikuwa sherehe."

"Basi umejiua mwenyewe! Nani alikutuma upumzike?"

Akanifundisha dawa. Kwenye boriti za juu ya tanuri ule moshi mweupe huganda, unakuwa kama unga. Jumamosi unachota kidogo, unafunga kwenye skafu, unaivaa shingoni Jumapili nzima, hata kanisani. Mwili hausahau kazi, na Jumatatu homa haina pa kuingilia. Wiki ya nne sasa sijatetemeka. Umeona? Wewe unatafuta kwenye vitabu, kumbe dawa iko juu ya kichwa changu miaka yote hii.

Kikohozi ni cha vumbi. Hata mchungaji anakohoa.

Dalo anakusalimu, Bibi Kitabu. Siku hizi haji kazini, anasema miguu.

Mjomba wako,
Ratovo


Antsirabe, Jumapili, 23 Novemba 1997

Shikamoo Mjomba,

Nafurahi jino la Fara limetoka bila vita. Mimi nimepata alama nzuri ya kemia na mbaya ya kusimulia mbele ya darasa. Mwalimu aliniambia, "Haingo, hata ukuta unaongea kuliko wewe."

Lakini wiki hii nimeongea, Mjomba.

Alikuja Daktari Vololona wa hospitali ya hapa mjini kupima macho na vifua vya wanafunzi wa bwenini. Nilijipanga wa mwisho kabisa ili asiwepo mtu nyuma yangu. Nilikuwa nimesoma barua yako mara nyingi hadi naijua kwa moyo, nikamwambia yote kwa pumzi moja.

"Rudia hapo kwenye skafu," akasema.

Nikarudia. Akaweka kalamu chini.

"Nani anavaa hiyo skafu?"

"Mtu mmoja ninayemfahamu."

"Huyo mtu mmoja anakohoa?"

"Anakohoa."

"Tangu lini?"

"Tangu nikiwa darasa la tatu."

Akaniketisha. Akaniuliza kwenye tanuri mnatia nini. Nikamtajia: injini mbovu, vyuma vya baiskeli, mabomba, koki za maji, vipande vya mabati, chochote kinacholetwa na wauza vyuma chakavu. Akasema alumini peke yake haitoi ule moshi mweupe. Ni zinki iliyo kwenye koki na mabati. Ikiungua inapaa, inapoa hewani, na mnaivuta.

Siku ya kwanza mwili unakataa, ndiyo homa. Siku ya pili umezoea, unanyamaza. Ukikaa nje siku mbili tatu mwili unasahau yale mazoea, na ukirudi unapiga kelele upya. Kwa hiyo mapumziko hayakuletei ugonjwa wowote. Yanakurudishia tu ile sauti. Na unga ulio kwenye skafu yako ni moshi uleule, Mjomba. Jumapili ilikuwa siku pekee mapafu yako yalikuwa yanapata hewa, na sasa umeyanyima hata hiyo.

Akasema kikohozi ni jambo jingine, kubwa kuliko homa. Ni miaka ya moshi wa kila aina na vumbi la mchanga wa kalibu mnamomiminia alumini. Anataka uje upigwe picha ya kifua.

Tafadhali vua skafu. Na Mzee Dalo mwambie avue. Miguu yake inaendeleaje?

Haingo


Ambatolampy, 4 Januari 1998

Haingo,

Heri ya mwaka mpya. Barua yako ilifika. Sote wazima. Mpunga tumeshapandikiza. Mvua ni nyingi. Mama Fara anakufumia sweta la kijivu.

Mambo ya hospitali usiniandikie tena. Soma shule yako.

Ratovo


Antsirabe, Jumapili, 18 Januari 1998

Shikamoo Mjomba,

Heri ya mwaka mpya na kwenu. Mwambie Mama Fara kijivu ndiyo rangi ninayoipenda, na kama si kweli ni kosa dogo.

Barua yako nimeisoma nimesimama na nimelala. Ina mistari minne. Haina mzaha hata mmoja, wewe ambaye ulifanya mzaha hata kwenye mazishi ya Babu. Na Dalo hayumo. Nilimuuliza kwa jina na hukujibu.

Mjomba, Dalo yuko wapi?

Nisamehe. Najua mtoto haulizi mara mbili. Kama hutaki kusema sasa, nitangoja.

Lakini jambo moja nakuomba, na siyo la hospitali. Usiniamini mimi, wala daktari. Wewe ni mtu wa vipimo. Unajua kwa macho tu sufuria itaingia vikombe vingapi. Basi jipime mwenyewe. Mvua zikiwa kubwa huwa hamsubu, kwa sababu mchanga ulioloa hurusha alumini ya moto usoni. Siku ya kwanza ya kufunga karakana, tembea kutoka mtoni hadi nyumbani na uhesabu umesimama kupumua mara ngapi. Usivae skafu. Tembea tena kila wiki njia ileile. Kama mapumziko ni sumu, utajua. Kama si sumu, pia utajua.

Sitakudai jibu. Hesabu tu.

Haingo


Ambatolampy, Jumapili, 8 Machi 1998

Mpwa wangu Haingo,

Kalamu hii ni ya Fara, ina wino wa kijani, usinicheke. Kimbunga kimepita pembeni lakini maji yake yote yametushukia sisi. Bata wa yule Ratovo mwingine wameogelea hadi sokoni, wakajiuza wenyewe. Nyumba imesimama. Shamba la chini limezama, la juu limepona.

Dalo alifariki tarehe kumi na tano Novemba. Barua yako ya kumuulizia miguu ilipofika, tulikuwa tumeshamzika.

Haikuwa miguu. Ilikuwa kifua. Tangu mwezi wa kumi alikuwa hawezi kupanda hadi karakana. Nilikwenda kumwona, amekaa kitandani na mito mitatu mgongoni, maana akilala anakosa hewa. Mkewe alikuwa jikoni. Akanivuta mkono.

"Ratovo, unaona kinachoniua? Ni hii nyumba. Wiki sita sijaona tanuri. Nimepumzika mno."

"Utapona, mzee."

"Sitapona nikikaa hivi. Niletee unga. Kidogo tu."

Haingo, nilimpelekea. Nilipanda juu ya boriti mwenyewe, nikachota, nikajaza kwenye kisanduku cha kiberiti. Aliufunga kwenye leso, akawa anaunusa kama watu wanavyonusa limau, akanishukuru. Siku nne baadaye akafa.

Kisha ikaja barua yako. Nilipofika pale kwenye unga sikuendelea, iliyobaki nimeisoma mwezi huu. Niliiweka juu ya kabati na nikakuandikia ile mistari minne. Mama Fara hajui habari ya kiberiti. Mke wa Dalo hajui. Sasa unajua wewe.

Ile barua ya pili, ya hesabu, nilikasirika nayo wiki nzima. Halafu maji yakaingia kwenye tanuri na kazi ikasimama siku ishirini na moja. Nikavua skafu, nikasema, haya, tuone nani mjinga. Kutoka mtoni hadi nyumbani siku ya kwanza nilisimama mara nne. Wiki ya pili mara tatu. Wiki ya tatu mara mbili, na ya pili ilikuwa kumsalimu mtu. Kila Jumatatu nilikaa nikingoja homa. Haikuja.

Tukawasha tanuri. Jioni ileile nikatetemeka hadi meno yakagongana, Mama Fara akanikalia miguuni. Na nikiwa palepale chini ya blanketi nikafikiri: kama mapumziko ndiyo yanaua, siku ishirini na moja zingekuwa zimeshanimaliza. Kilichonipiga ni siku moja ya moshi.

Basi yote uliyoandika ni kweli. Na kama ni kweli, unajua nilimpelekea nini Dalo.

Tukishavuna nitakuja kupigwa hiyo picha ya kifua. Usimwambie mtu. Na usinijibu juu ya kiberiti.

Ratovo


Antsirabe, Jumapili, 26 Aprili 1998

Shikamoo Mjomba,

Natumaini umefika salama, maana hapa uliondoka kama mtu aliyeiba kuku.

Sweta limenitosha. Asante kwa mchele mpya; masista wameusifu, nami nimejisifu kama niliulima.

Nakuandikia ili ujue kilichotokea baada ya wewe kuniambia, "Nisubiri hapa, nakwenda nje kidogo kuvuta hewa." Nilisubiri saa nzima kwenye lile benchi la hospitali. Kisha mfagizi akaniambia yule mzee wa kofia ya ukindu amepanda kigari cha kuvutwa na anamhimiza mvutaji aelekee stesheni. Hata wewe, Mjomba! Umbali ambao ungetembea kwa miguu!

Daktari Vololona akatoka na ile picha mkononi.

"Bwana Ratovo yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Ameondoka kwenda wapi?"

"Nyumbani. Anaogopa."

Akaangalia mlango, akaniangalia mimi. "Na wewe?"

"Mimi pia naogopa," nikasema, "lakini nina maswali."

Nilikuwa nimeyaandika kwenye kiganja, yalikuwa matano, na jasho lilikuwa limeshafuta mawili. Akanipeleka kwenye kisanduku cha taa akanionyesha mapafu yako. Nimeyaona, Mjomba. Ni mara ya kwanza kumtazama mtu ndani bila yeye kunitazama.

Majibu yake sikuyaandika katika barua hii. Nimeyaweka kwenye bahasha ndogo iliyo ndani ya hii, nimeibandika gundi pande zote. Ulikimbia kwa sababu hukutaka kuambiwa, na mimi sitakuambia kwa nguvu. Utaifungua siku utakayotaka. Nakuomba moja tu: hadi siku hiyo usisimame kwenye moshi. Fanya kalibu, chonga mifano, uza sufuria sokoni, chochote. Anayeogopa majibu asiendelee kuyabadilisha yawe mabaya zaidi.

Na juu ya lile ulilonikataza kujibu, sijibu. Ila nilimuuliza daktari, bila kutaja jina, kama mtu aliyefikia hali ya kukaa na mito mitatu angeweza kuuawa na unga wa kiberiti kimoja. Akasema mtu huyo aliuawa na miaka thelathini ya moshi, na kwamba aliyemletea alimletea alichoomba.

Haingo


Ambatolampy, Jumanne, 9 Juni 1998

Mpwa wangu Haingo,

Baridi imefika. Asubuhi majani yana umande mweupe ulioganda, unaokatika chini ya miguu. Fara amepata jino jipya, kubwa kuliko uso. Mama Fara anauliza kama masista wanakupa nyama. Jibu ndiyo hata kama si kila siku, asije akapanda treni.

Bahasha yako nimekaa nayo wiki tano. Niliitia kwenye mfuko wa koti, kila nikivaa koti inanichoma. Moshi niliuacha kama ulivyoomba, nikakaa upande wa mchanga, nagonga kalibu. Wenzangu wakaanza. Naivo, mtoto mkubwa wa marehemu Dalo, ndiye anayemimina siku hizi mahali pa baba yake. Akanipigia kelele kutoka kwenye tanuri:

"Mjomba Ratovo, umeolewa na mchanga?"

"Ndiyo, na mahari umeshakula wewe."

Walicheka. Mimi nikacheka, nikakohoa, na kikohozi hakikuwa kirefu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nikaona nikiifungua peke yangu nitaificha tena, kama nilivyoficha ile nyingine juu ya kabati. Nikaipeleka karakana. Wakati wa chai, watu wote watano tumekaa juu ya magunia, nikaichana na kuisoma kwa sauti. Umeandika vizuri, herufi zako zimesimama kama wanajeshi. Nikasoma kwamba si kifua kikuu. Kwamba mapafu yote mawili yana makovu, na makovu hayatoki. Nikaikunja karatasi hapo. Naivo akasema, "Endelea, kuna nyuma." Nikageuza. Kwamba nikirudi kwenye moshi, miaka yangu ni ya kuhesabu kwa vidole. Kwamba nikikaa mbali nao, yaliyobaki yanatosha: kulima, kupanda mlima polepole, kumwona Fara akiolewa na kumkasirikia mkwe.

Hakuna aliyecheka. Mmoja wao akauliza, "Na sisi?"

Nikasoma ule mstari wako wa mwisho, kwamba koki na mabati visiingie kwenye tanuri, na tanuri itoke chini ya paa. Kulikuwa na maneno mengi. Mmoja akasema wewe ni mtoto wa shule, hujawahi hata kushika upawa wa kumiminia. Nikamwambia ndiyo maana mapafu yako ni mazima. Siku tatu walibishana. Ijumaa tukaanza kuchambua chakavu: koki huku, bomba kule, na mabati tumemrudishia aliyetuletea, akatutukana hadi barabarani. Jumamosi tuliivunja tanuri na kuijenga uwanjani, upepo unapopita. Wakubwa wawili bado wananuna.

Jumapili, juzi, baada ya kanisa, nilikwenda kwa mke wa Dalo. Nilikwenda kumwambia habari ya kiberiti. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, nilipofika yote yamekimbia, kama wewe mbele ya darasa. Nikasema tu, "Mama, ule unga aliokuwa akiunusa, nilimpelekea mimi."

Alikuwa akichambua mchele kwenye ungo. Hakuacha kuchambua.

"Niliuona kwenye leso," akasema. "Nani mwingine angepanda boriti kwa ajili yake?"

"Ulikuwa moshi uleule uliomuua."

"Nimesikia. Naivo ameniambia mlichosoma." Akatupa jiwe moja nje. "Aliniomba mimi kwanza, nikakataa kwa kuogopa ngazi. Siku nne zile alikuwa na furaha, alidhani anapona. Usije kwangu kuomba radhi kwa furaha yake. Nenda kwa Naivo. Anajua yote na bado ameivaa ile skafu ya baba yake. Mimi hanisikii."

Nikatoka hapo moja kwa moja. Naivo alikuwa nyuma ya nyumba anakata kuni, skafu iko shingoni. Nikamweleza tangu mwanzo: homa yangu, maneno ya baba yake, kiberiti, njia ya mtoni, zile mara nne na mara mbili. Sijawahi kumweleza mtu jambo refu hivyo bila mzaha. Alisikiliza ameegemea shoka. Nilipomaliza akalilaza shoka chini. Kisha akaifungua ile skafu, akaikung'uta mbali nasi, upande upepo unakokwenda.

"Kwa hiyo, Mjomba," akasema, "Jumapili naruhusiwa kulala?"

"Lala," nikamwambia.

Akaacha kuni palepale, akaingia ndani.

Mjomba wako,
Ratovo